Nani Aling'oa Vigingi vya Mabatini

Honi ndiyo iliyotangulia. Honi moja ndefu, haikatiki, inateremka kutoka juu Kirua Vunjo, na kila ikipita kona inazidi kuwa kubwa. Ilikuwa siku ya soko. Stendi ya Mabatini imejaa, akina mama wameketi kando ya mikungu yao ya ndizi wakisubiri magari ya kwenda mjini Moshi, na mimi Anaeli, msimamizi wa stendi, nimesimama katikati yao na filimbi mdomoni. Mama Aikande, ambaye tangu asubuhi alikuwa akinitania kwamba filimbi yangu inalia kama kifaranga, aligeuza shingo akatazama mlimani.

"Anaeli," akasema, "huyo hana breki."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuambia mvua inakuja. Halafu ndipo akapiga ukelele, "Ondokeni! Ondokeni njiani!" na mimi nikapuliza filimbi kwa pumzi zangu zote. Lakini uondoke uende wapi? Nyuma yetu ukuta wa mabati, mbele yetu barabara ya mteremko imenyooka inatutazama. Lori likatokea. Nilimwona dereva, kijana Tumsifu, ninayemjua vizuri, amesimama na miguu yote miwili juu ya pedali, mdomo wazi. Mama Aikande, aliyekuwa ukingoni, angeweza kuruka mtaro akapona. Badala yake alirudi kumvuta mwenzake ambaye khanga yake ilinasa kwenye kamba za mzigo.

Nilizinduka nikiwa chini ya ndizi. Lori lilikuwa limepinduka na kunimwagia shehena yake yote, na hiyo mikungu ndiyo iliyozuia chuma kisinifikie kifuani. Mguu wangu wa kushoto haukupata bahati hiyo. Mama Aikande na wenzake wawili walikufa pale pale.

Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote za kazi yangu, na nimeitanguliza makusudi. Vijana wanaosomea mipango ya barabara huja kwangu siku hizi na kunisalimia kwa adabu, "Shikamoo mzee," ingawa sijafika huo uzee, kisha wananiuliza zamani tulifanyaje kazi. Mimi nawaeleza kwa furaha, maana kazi ile niliipenda, Mungu anajua! Lakini wakifika kwenye Mabatini wanafunga daftari. Leo sitaki mfunge. Nitarudi mwanzo kabisa, na mtakaponifuata hatua kwa hatua mtajua kwamba lile lori halikuanzia mlimani. Lilianzia ofisini.

Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Yale machache ya kitaalamu nitayaeleza kama nilivyoelezwa mimi.

Niliajiriwa miaka ile biashara zilipoanza kufunguliwa. Kabla ya hapo gari lilikuwa jambo la bahati. Basi la kijiji likiharibika, kijiji kizima kinatembea. Mara ruhusa ikatoka, kila mwenye uwezo aagize gari! Jamani, mlikuwa hamjazaliwa. Vikaja vifodi, vile vigari vidogo vya abiria, zikaja pikapu zenye turubai, zikaja haisi kuukuu ambazo bado zina maandishi ya Kijapani mlangoni na hakuna aliyejua yanasema nini. Watu wa Machame, wa Marangu, wa Kirua, wote wakaanza kushuka mjini kila siku, mtu anauza maziwa asubuhi na jioni yuko kwake anakama tena. Mji wa Moshi ulikuwa umejengwa kwa ajili ya watu wachache na treni. Sasa ukaanza kuchemka kama sufuria lenye mfuniko mdogo.

Ndipo ikaundwa ofisi ya mpango wa usafiri, ghorofani juu ya duka moja la mbao, kwa msaada wa wafadhili. Kazi yake ilikuwa kuupanga mji na mlima kwa pamoja. Shikeni neno hilo, kwa pamoja. Mpangaji Mkuu alikuwa Mzee Kalisti, mtu mfupi wa Kibosho, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, anayevaa sweta hata jua likiwaka. Siku yangu ya kwanza alinipeleka darajani Rau kabla jua halijapanda, akanisimamisha kando ya barabara.

"Wewe utahesabu," akaniambia.

"Nihesabu nini, mzee?"

"Kila kinachopita. Gari dogo, pikapu, basi, lori, mkokoteni, baiskeli, mtu mwenye mzigo kichwani."

"Hata mtu?"

"Mtu ndiye wa kwanza! Gari linabeba nini kama si mtu?"

Karatasi za kuhesabia zilikuwa hazijafika kutoka Dar. Mzee Kalisti hakujali. Alitoa vifuko mfukoni: buni kwa magari madogo, mahindi kwa malori, maharage kwa mabasi, kunde kwa waenda kwa miguu. Kila kinachopita unahamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Suruali yangu ilikuwa na mifuko minne tu, ikabidi kunde nizitie ndani ya soksi. Mchana alipokuja kunikagua akanikuta nimeinama, mkono umo kwenye soksi, na nyuma yangu wamejipanga watu wanaotaka kujua ni dawa gani ninayofanya. Alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini mngeziona zile punje zimemwagwa mezani jioni! Kila kundi peke yake, la darajani Rau, la barabara ya Arusha, la barabara ya Himo. Mzee Kalisti aliweka ramani, akapanga punje juu ya barabara zake, na mimi kwa mara ya kwanza nikauona mji wetu ukipumua. Unaona mahali unapokabwa. Unaona asubuhi watu wanamiminika kushuka, jioni wanapanda. Nilirudi nyumbani nimesisimka, nikamweleza mke wangu habari za magari mpaka akalala.

Kazi ya pili ilikuwa kuuliza. Ukishajua ni wangapi wanaopita, unataka kujua wanatoka wapi na wanakwenda kufanya nini. Wataalamu wanaita asili na mwisho wa safari. Ni kazi ya ulimi, na ndiyo iliyonikutanisha na Mama Aikande. Alikuwa anashuka na mkungu wa ndizi mshare kichwani, shingo imenyooka kama askari.

"Habari za asubuhi, mama. Unatoka wapi?"

"Nyumbani."

"Na unakwenda wapi?"

Akasimama. "Wewe ni mume wangu?"

"Hapana, mama, ni wa ofisi ya usafiri."

"Ofisi inataka kujua ninakokwenda? Inanisaidia kubeba?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikamweleza kwamba tunataka kuweka magari mahali yanapohitajika. Akanitazama juu mpaka chini, akashusha mkungu wake, akaketi juu ya jiwe. "Basi andika," akasema. "Nimetoka Kirua kwa miguu, nikitua kila nilipochoka. Vifodi havichukui ndizi, vinachukua watu na mifuko myepesi. Malori yanachukua ndizi lakini hayachukui mwenye ndizi. Mimi na mzigo wangu tunasafiri kama tumeachana. Hayo yaandike, mangi, usiandike kingine." Kutoka siku hiyo kila tukikutana ananiita mangi, yaani chifu, kwa kunikejeli, na mimi namwita mkaguzi wangu.

Maneno yake Mzee Kalisti aliyasoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima. "Huyu mama ametupa mpango," akasema. Na kweli, mpango ulizaliwa hapo. Tuweke stendi miguuni pa mlima, moja kila upande. Magari ya mlimani yaishie hapo, yasiingie mjini kukaba barabara. Abiria na mzigo wake wabadilishe pamoja, wapande magari makubwa ya tambarare yenye nafasi ya mizigo. Mji upumue, na mama asiachane na ndizi zake. Mnaona uzuri wake? Mimi hadi leo nikiusimulia damu inachemka!

Mpango ulianzia upande wa Hai, na mimi nikahamishiwa Kwa Sadala kuwa mshika vigingi. Kigingi ni kile kijiti kinachopigwa ardhini kuonyesha ukingo wa barabara au wa stendi itakapofika. Nyuma yake anakuja mtu na rangi nyekundu kuchora alama ya X kwenye nyumba itakayobomolewa. Hapo ndipo nilipojifunza jambo gumu kuliko yote katika kazi hii. Kwetu mtu hazikwi makaburini mbali, anazikwa ndani ya kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa. Kwa hiyo kila ukipanua barabara Kilimanjaro, unagonga babu wa mtu.

Tulimgonga babu wa mama mmoja mjane. Mzee Kalisti hakutuma barua. Alikwenda mwenyewe, akaketi jikoni kwa yule mama, akanywa mbege aliyopewa, akazungumza naye mpaka mchana ukapita. Mchungaji akaitwa, wazee wa ukoo wakaitwa, mbuzi akachinjwa, mifupa ikahamishwa kwa sala hadi upande wa pili wa kihamba. Mjane alilia, halafu akasema, "Sasa yuko karibu zaidi na jiko. Atasikia harufu ya kiburu, ndizi na maharage vikichemka." Tulicheka naye huku tunafuta machozi. Nilijua hapo kwamba kaburi linahamishika, ikiwa mtu atakuja kuomba kama mtu.

Nikiwa bado Kwa Sadala, upande wa Kirua ulikuwa umeshapimwa. Nilikuwepo siku ya vipimo, kabla ya kuhamishwa. Barabara ya kutoka Kirua inashuka kwa ukali, na mwisho wake, inapokutana na lami, pana uwanja mtupu wa kijiji. Karibu kila mtu alidhani stendi itakaa hapo. Mzee Kalisti alikataa. Alitusimamisha sisi wote uwanjani na kutuonyesha mlimani kwa fimbo.

"Hapa panaitwa mdomo wa mteremko," akasema. "Gari likipoteza breki kule juu, litakuja kutokea wapi?"

"Hapa," tukajibu.

"Basi hapa pawe na nini?"

Akaipiga ardhi kwa fimbo.

"Pasiwe na kitu! Mahindi, majani, mchanga. Gari lije life peke yake."

Akatupeleka pembeni, upande wa mashariki, mahali ambapo lami imepinda na ardhi ni tambarare. Vigingi vikapigwa hapo. Upande mmoja viliingia ndani ya kihamba chenye uzio mzuri wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopandia mipaka. Kilikuwa kihamba cha Mwenyekiti Godliving.

Sasa nafika kwa mtu mwenyewe. Godliving alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoisimamia ofisi yetu. Mtu mrefu, Mlutheri wa kiti cha mbele, mwenye sauti ya kuimbia besi, na kusema kweli hakuwa mwizi. Sitamsingizia. Hakuuza kiwanja, hakujenga hoteli, hakuna senti aliyoitia mfukoni kwa jambo hili. Wengi mnapenda hadithi ya fedha, mimi sina. Kilichokuwa ndani ya vile vigingi ni kaburi la baba yake.

Niliporudi kutoka Kwa Sadala kuja kuwa msimamizi, nilikuta stendi imekwisha kujengwa, mabati yanang'aa kiasi cha kuumiza macho. Imejengwa katikati ya mdomo wa mteremko. Kihamba cha Mwenyekiti kimekaa pale pale, masale yake hayajaguswa. Nilipanda ngazi za ofisi bila kubisha hodi.

"Mzee, shikamoo. Vigingi vimetembea?"

Mzee Kalisti alikuwa anapanga kalamu zake. "Marahaba, Anaeli. Kaa."

"Sikai. Nani kavihamisha?"

"Kamati imeamua."

"Kamati ni watu. Ni nani?"

Akavua miwani. "Mwenyekiti alikuja hapa akiwa na wazee wa ukoo wake. Walisimama wote pale ulipo wewe. Alisema baba yake alipokuwa anakata roho aliomba asisumbuliwe. Ningefanya nini? Nimwambie mtu nitamfukua baba yako?"

"Tulimfukua wa yule mjane."

"Yule mjane alikubali."

"Alikubali kwa sababu ulikwenda ukaketi jikoni! Kwa Mwenyekiti uliketi jikoni mara ngapi?"

Akarudia kalamu zake. Alisema tu kwamba pale juu, kabla ya kona ya mwisho, patawekwa kizuizi, na kwamba kila lori litasimamishwa na kukaguliwa breki kabla ya kushuka. Alikuwa amesaini. Mpango wenye jina lake, wenye mdomo wa mteremko uliofungwa kwa mabati, aliusaini kwa mkono ule ule uliotuonyesha mlima kwa fimbo. Mzee Kalisti alinifundisha kila ninachokijua, nami nilimpenda kama baba, na bado namtaja hapa kuwa mkosaji wa pili.

Siku ya kufungua stendi kulikuwa na sherehe, si mchezo! Kwaya mbili, moja ya Wakatoliki na moja ya Walutheri, zilishindana mpaka zikaanza kuimba kwa wakati mmoja. Vifodi vilipambwa kwa majani ya migomba, madereva wanapiga honi, watoto wa shule wanaruka. Hata mimi niliyekasirika nilijikuta nacheza. Mwenyekiti Godliving alitoa hotuba kwa ile sauti yake ya besi, akasema leo mlima na mji vimeshikana mikono. Watu wakapiga vigelegele. Mama Aikande alikuwa karibu yangu, amevaa kitenge kipya.

"Mangi, sasa mimi na ndizi zangu tumerudiana," akaniambia.

"Hongera, mkaguzi. Umefurahi?"

"Nimefurahi. Lakini mwambie Mwenyekiti wako, hii stendi wameipanga kama mtu anayelala mlangoni."

"Mwambie mwenyewe."

"Mimi?" Akacheka. "Nikamwambie kwamba baba yake ahame? Nani hapa atasema hivyo?"

Hapo ndipo lilipo jambo lote, na mtu wa mahali pengine hatalielewa upesi. Si kwamba hatukujua. Madereva walijua, akina mama walijua, mchungaji na padri walijua. Lakini kila mmoja ana kaburi nyumbani. Kila mmoja alijifikiria yeye, akaona aibu kumtamkia mwenzake neno la kumhamishia baba. Wageni wangepiga kelele. Sisi tulistahiana.

Na stendi ilifanya kazi! Lazima niseme hivyo pia. Mji ulipumua kweli. Asubuhi magari ya mlimani yanaingia kwa zamu, napuliza filimbi, abiria wanahama na mizigo yao, magari ya tambarare yanaondoka yamejaa, barabara ya kuingia Moshi inapitika. Nilikuwa najisikia kama mtu anayeendesha mto. Akina mama waliacha kubeba mikungu kichwani kutoka Kirua. Wageni walikuja kutazama mfano wetu. Kile kizuizi cha juu nacho kiliwekwa kweli, na mlinzi mwenye bendera nyekundu. Kisha mlinzi akapunguzwa. Kisha bendera ikabaki imefungwa kwenye mti peke yake, ikapauka kwa jua.

Halafu ikaja ile siku ya soko niliyoanza nayo.

Nani alijibu mashtaka? Tumsifu alijibu. Kijana wa watu, lori si lake, matengenezo si yake, alisimamishwa mahakamani akafungwa. Alipotoka jela alikuja kwangu kuniomba radhi, tukalia wote wawili kama watoto. Nilimwambia ukweli: pale alipopoteza breki angetakiwa akute mahindi. Angevunja mabua, angevunja labda na mkono wake, basi. Yeye hakumweka Mama Aikande pale.

Na Mwenyekiti Godliving alifanya nini? Alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikuja hospitalini amevaa suti nyeusi, ameshika jani la isale, mmea ule ule wa uzio wake, lililofungwa fundo. Ninyi vijana mnaokulia mjini pengine hamjui uzito wake. Kwetu mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na isale halikataliki. Hata kama kakuulia ndugu. Ukilipokea, wazee husema maneno yamekwisha, hayafufuliwi. Alilishika kwa mikono miwili, akapiga goti, mtu mrefu vile, kando ya kitanda changu, akasema, "Anaeli, mwanangu, nimekuja."

"Umekuja kwa lipi, Mwenyekiti?"

"Kwa yote."

"Lipi katika yote?"

Hakulitaja. Alibaki amepiga goti, na wagonjwa wote wodini wananitazama mimi, si yeye. Mama yangu mzazi, aliyekuwa miguuni pa kitanda, akaninong'oneza kwa Kichagga nipokee haraka. Nikapokea. Baba Aikande naye alipelekewa lake nyumbani, mbele ya wazee, machozi ya msiba hayajakauka. Naye akapokea.

Tangu hapo kinywa cha kijiji kikafungwa. Ukiuliza mkutanoni nani alihamisha vigingi, wazee wanakukatiza, "Si alishaleta isale?" Nilikwenda ofisini na magongo yangu, nikapanda zile ngazi moja moja, nikamwambia Mzee Kalisti stendi ihamishwe, uchunguzi ufanyike. Akashika kichwa. "Anaeli, limeshapokelewa. Unataka nilifukue mimi?" Ona neno alilotumia mwenyewe!

Muda si mrefu ofisi ikavunjwa. Wafadhili waliondoka, ikaja ile habari ya kupunguza wafanyakazi, na mimi niliye na mguu mmoja mzima nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa. Mlima ukabaki na watu wake, mji ukabaki na watu wake, na barabara kuu ikawa na wakubwa wengine kabisa. Ukiuliza stendi ya Mabatini ni ya nani, huyu anakuelekeza kwa yule. Mpango wa pamoja uligawanywa vipande kama mnyama wa sherehe, na kipande chenye lawama hakuna aliyekichukua.

Sasa nipo nyumbani Kirua, nafuga ng'ombe wawili wa maziwa na kupalilia kahawa ambayo bei yake inakatisha tamaa. Sijutii kazi. Ninyi mnaokuja, ipendeni, maana hakuna kazi nyingine inayokuonyesha watu wako wote wakitembea kwa wakati mmoja. Hesabuni watu kabla ya magari. Waulizeni akina mama wanakwenda wapi, na mkijibiwa vibaya kaeni msikilize. Mkigonga kaburi, nendeni mketi jikoni, kwa mjane na kwa mwenyekiti pia. Msimwonee aibu mkubwa, maana atakayelipia aibu yenu ni mwingine.

Lakini Mabatini bado ipo. Nilishuka pale juzi. Mabati yamebadilishwa rangi, akina mama wamekaa pale pale na mikungu yao, vijana wa pikipiki wamejaa, na malori siku hizi ni makubwa kuliko la Tumsifu. Binti wa Mama Aikande anauza hapo. Aliniamkia, akanipa ndizi mbivu, akageuka kumhudumia mteja huku mgongo wake umeelekea mlimani.

Mwenyekiti Godliving, uko hai, nami niko hai. Msamaha nilikupa, na siurudishi. Uliomba msamaha, nikakupa msamaha. Hukuniomba ninyamaze, wala isale halisemi hivyo popote. Mzee Kalisti, na wewe ungali unasali kila asubuhi. Nawataka wote wawili mje Mabatini siku ya soko, mchana, watu wakiwa wamejaa. Msije na jani. Simameni pale katikati, mgeukieni huo mteremko, na mmwambie huyo binti kwa sauti ambayo kila mtu ataisikia: nani alisema vigingi ving'olewe, nani aliyeitikia, na stendi inahama lini?